Chumba cha Salamu Zilizokatwa

Mkiniuliza mimi ni nani, nitawajibu kwa kazi yangu, maana katika mji ule jina lilinipotea mara mbili na kazi haikunipotea hata siku moja. Nilikuwa mkata salamu. Kwa miaka tisa, au labda ilikuwa asubuhi moja ndefu iliyokataa kuwa mchana, niliketi mbele ya kompyuta kwenye dirisha la arobaini la Nyumba ya Kusikiliza, nikazikata salamu za watu kichwani na miguuni mwa barua zao, nikabakiza kiwiliwili. Kiwiliwili ndicho kilichopelekwa kwa Sikio. Salamu zilianguka sakafuni.

Mnacheka. Chekeni, mimi mwenyewe nilikuwa nacheka. Lakini kwanza niwaeleze mji wenyewe. Haukuwa na jina, kwa sababu kila aliyetaka kuupa jina alihama kabla wino haujakauka. Siku zake hazikujua kupanga foleni: Jumatano iliweza kuja mara tatu mfululizo, na Ijumaa ikakaa mwezi mzima bila kuonekana. Mtu alitoka nyumbani kijana kwenda kununua mkate, akarudi na mvi na mkate bado wa moto. Watu walivumilia hayo yote. Kitu kimoja tu hakikuyumba: kila mtu alimsalimu kila mtu, na kila aliyesalimiwa alijibu kuwa ni mzima. Aliyefiwa alijibu nzuri, kisha ndipo akasema kwamba amefiwa. Aliyevunjika mguu alijibu salama, kisha akaomba kiti. Na walikuwapo waliojibu nzuri, wakanyamaza hapo, wakaaga kwa adabu, na siku ya pili tukasikia kwamba wamejiua.

Kwa ajili ya hao ndipo Nyumba ilipojengwa.

Swali lililoijenga ni hili, na mimi nililibeba kifuani miaka yote hiyo: mtu anayesema kuwa ni mzima, nani atamsikia? Jirani anasikia neno nzuri anaridhika, kwa kuwa na yeye amelisema neno hilo hilo asubuhi. Daktari anauliza, anajibiwa nzuri, anaandika nzuri. Mhandisi Ngwali, mtu mrefu aliyetembea ameinama utadhani anatafuta sindano, alisema kwamba kama masikio ya nyama yamezoea, basi tutengeneze sikio lisilozoea. Akaandika programu. Tukaiita Sikio.

Lilifundishwa kwa barua. Familia za waliokwisha kwenda zilileta karatasi za mwisho, nyingine zikiwa zimekunjwa mara nane, na wengine waliofika ukingoni wakarudi walitumbukiza zao kwenye kisanduku cha mlangoni bila jina. Sikio lilisoma namna maneno yalivyokaa, yapi yalifuatana, yapi yalitoweka. Kisha kila Jumatano mji ulipotuandikia, lilipaka kila barua rangi: kijani kwa aliye salama, njano kwa wa kuangaliwa, na rangi ya kaa la moto kwa yule ambaye ni lazima afikiwe leo hii. Halikufanya zaidi ya hapo. Waliokwenda kuwafikia ni Wendaji, watu wenye miguu na viatu, waliobisha mlango na kuketi. Ngwali alipenda kutukumbusha kwamba Sikio halimwokoi mtu, linatuonyesha mlango tu.

Sasa kosa letu. Mwezi wa kwanza Sikio liliupaka mji mzima kijani. Aliyekuwa akilia kijani, aliyeacha kula kijani. Tukachunguza tukaona sababu: kila barua ilianza kwa aya mbili za uzima. Mimi sijambo, hofu na mashaka ni juu yenu, watoto hawajambo, wazee wanaendelea vizuri. Sikio, kiumbe cha watu kisicho na hila, liliamini. Ngwali akaamua salamu zikatwe kabla ya kusomwa. Sote tukakubali, na mimi nilikubali kwa sauti kubwa kuliko wote, nikasema salamu si habari, salamu ni kufuta miguu kabla ya kuingia. Nikapewa kazi hiyo palepale. Na kwa kweli Sikio likapata nuru. Likaanza kuona njano na kaa la moto, na watu wengi wako hai leo kwa sababu hiyo. Kosa likiwa na faida halionekani upesi.

Lakini katika mji ule kilichokatwa hakikupotea. Nilibonyeza kitufe, salamu zikaanguka miguuni pangu, na jioni zilifagiliwa hadi chumba cha nyuma. Huko zilirundikana hadi darini, zikivuma kwa sauti ya chini, hujambo sijambo hujambo sijambo. Ukipita na chai yako ulisikia. Tulizoea.

Nani mwenye mamlaka? Katika mji ule watu waliligombania swali hilo. Wengine walisema Sikio ndilo linaloamua nani anakaribia kufa, na waliliogopa, wakaandika kwa herufi ndogo ili lisiwaone. Mimi nilijua siri: Sikio lilikula kile nilichokisaza. Mamlaka yalikuwa kwenye kidole changu cha shahada, na kidole changu kilikuwa kimechoka, kilikuwa kinawaza chakula cha mchana.

Basi ikaja Jumatano, ya tatu mfululizo, na ndani yake barua ya Fundi Machano.

Machano alikuwa mshona magodoro ya sufi, mzee mwenye ulimi wa pilipili, anayekaa peke yake tangu mkewe Bi Mwatima afariki. Alituandikia tangu Nyumba ifunguliwe, na barua zake zote zilikuwa malalamiko. Sufi ya siku hizi ina mbegu kuliko pamba. Kuku wa jirani wametaga ndani ya godoro la mteja. Mungu analeta Jumatano nyingine kabla sijapumzika na ile ya kwanza. Sikio lilimpaka njano daima, na mara mbili likampaka kaa la moto. Mwendaji wa mtaa wake, Bi Nunuu, mwanamke mnene mwenye subira ya ajabu, alikwenda mara zote mbili akafukuzwa na mzee aliyeshika sindano ndefu ya magodoro. Bi Nunuu alirudi na maneno aliyoambiwa, tukayacheka wiki nzima.

"Mnanijia kwa kuwa nimelalamika?" mzee alimwambia. "Siku nitakayonyamaza ndiyo mje."

Barua ya Jumatano ile, kiwiliwili chake kilikuwa mistari sita. Magodoro yote nimeyamaliza. Kila moja nimeliandika jina la mwenyewe. Kuku wa jirani sina neno nao tena. Mvua ya mwaka huu si mbaya. Sikio likaisoma, likaipaka kijani, kijani cha mpunga mchanga. Ofisi nzima ikapiga makofi. Bi Nunuu akachemsha chai ya tangawizi kusherehekea, kwamba mzee wake hatimaye ametulia, na Mhandisi Ngwali, ambaye huwa hacheki, akatabasamu akiwa bado ameinama.

Mimi nilitazama sakafuni. Salamu nilizokata kwenye barua ile zilikuwa kurasa mbili na nusu. Nilizikata bila kuzisoma, mkono ulifanya wenyewe. Ila hazikuvuma. Zilikaa miguuni pangu kimya, na miguu yangu ikapata baridi. Nikainama nikaziokota, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Nisalimieni Bi Nunuu," zilisema, "mwambieni chai aliyoniletea ilikuwa tamu, nilimkaripia kwa mazoea tu. Nisalimieni anayefungua madirisha ya Nyumba yenu asubuhi. Nisalimieni jirani mwenye kuku. Nisalimieni yule mrefu anayetembea ameinama, simjui, ila huwa namwonea huruma shingo yake. Na wewe unayezipokea salamu hizi, kama yupo anayezipokea, nakusalimu pia. Wote mniwie radhi."

Na pakaishia hapo. Barua zake zote za nyuma zilimalizia kwa kuuliza, na nyinyi je, hamjambo huko? Nilijua, kwa sababu swali hilo nililikata mara mia nne. Safari hii hakuuliza. Alimsalimu kila mtu na hakutaka kujua lolote kutoka kwa yeyote.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, kwa kuwa orodha ya namna ile niliijua. Niliijua vipi? Subirini kidogo. Nami nilisubiri miaka tisa.

Nikaenda kwa Mhandisi Ngwali na karatasi mkononi. Nilimweleza kwamba Machano anaaga. Alinisikiliza kwa heshima, akasema barua ni ya kijani, na kwamba neno niwie radhi husemwa na kila mtu, hata anayekwenda sokoni. Nikamjibu kwamba hayo ni kweli na ndiyo maana tumeyakata. Akasema hawezi kuwatuma Wendaji kwa ajili ya salamu, siku hiyo wana kaa la moto kumi na moja mikononi, na kila mlango wanaouendea bure ni mlango mwingine wanaouchelewa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kuchelewa mlango mmoja, na mlango huo aliubeba mgongoni, ndiyo maana ya kuinama kwake. Nikamwomba basi alisomeshe Sikio barua nzima. Akakataa, akasema litazama tena katika kijani.

Hapo ndipo wazo lilinijia, na sijui lilitoka kwangu au lilitoka chumba cha nyuma. Nilimwambia tusilisomeshe barua nzima. Tulisomeshe salamu peke yake. Na tusilinganishe salamu za Machano na za watu wengine, maana watu wote ni wazima. Tuzilinganishe na za Machano mwenyewe, za Jumatano zote zilizopita. Tuliulize Sikio jambo moja: mtu huyu ameacha kuwa kama alivyokuwa?

Ngwali alinyanyua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake, na yalikuwa ya kahawia.

Tukafungua chumba cha nyuma. Mvumo ulitupiga kifuani, miaka ya hujambo ikatoka kwa pamoja, na kwa muda sikujua kama mimi ni mimi au ni mmoja wa wale waliosalimiwa humo. Nilisikia nikiitwa mama, shangazi, mke mwenza, marehemu. Tukachambua salamu za Machano tukalisomesha Sikio kwa mpangilio. Lilisoma. Likazipaka njano, njano, njano, salamu za mzee mkali anayeuliza hali za watu. Lilipofika ya Jumatano hii lilisita. Kisha likawaka kaa la moto, na chumba kizima kikawa chekundu.

Lakini Ngwali alikuwa mhandisi, na mhandisi haamini taa moja. Akazitafuta salamu za barua zile za mafunzo, zilizoletwa na familia, ambazo nazo tulizikata mwezi ule wa kwanza tulipolifundisha Sikio upya. Akalisomesha. Moja baada ya nyingine zikawaka: watu waliosalimia ukoo mzima, waliomkumbuka hadi mwuza maji, na hawakuuliza chochote. Habari zao zote zilikuwa chini ya miguu yangu miaka yote hiyo. Nililia pale, sikujificha. Ngwali naye alishika ukuta. Hata hivyo akasema, kwa sauti iliyokwaruza, kwamba rangi huweza kubahatisha, kwamba hao wamekwisha kwenda na hatuwezi kuwauliza.

Wakati huo namba kumi na saba ikawaka. Salamu fupi, za mwanamke, kwa dada yake na watoto wa dada yake kila mmoja kwa jina, na kwa mwalimu aliyemfundisha kushona vifungo.

"Hiyo haikubahatisha," nikasema. "Hiyo ni yangu."

Nilikuwa nimeitumbukiza kwenye kisanduku wiki niliyoajiriwa, bila jina. Na siku ilipofika mezani kwangu kama barua nyingine yoyote, nilizikata salamu zake kwa kidole changu mwenyewe. Nilikata ushahidi wangu, nikaenda kula.

Ngwali alinitazama. Katika mji ule watu waliuliza hali wakiwa wanapita, jibu likawafuata mgongoni. Yeye alisimama.

"Bi Mize," akasema, "hujambo?"

Akangoja.

Sikumbuki aliningoja muda gani. Nje jua lilihama upande likarudi. Nilimjibu kwamba leo ni mzima, na siku ile sikuwa mzima. Akauliza nani alinifikia. Nikamwambia hakuna aliyetumwa. Jirani aligonga kuomba kiberiti, akaniona usoni, akaketi, akasahau kiberiti, akakaa hadi dada yangu alipofika. Bahati tupu. Na mimi nimechoka na watu kuishi kwa bahati.

"Nenda," Ngwali akasema. "Nenda na Bi Nunuu. Sasa hivi."

Nilipofika mlangoni nikarudi. Katika mji wetu salamu ikifika haikai, hurudishwa. Anayezibeba hurudi na jibu, la sivyo ni mdeni wa pande zote mbili. Wendaji walikuwa na karatasi ya maswali, maswali mazuri, yaliyotungwa na madaktari. Mimi nikachukua kurasa mbili na nusu za Machano, nikampitia kila aliyetajwa humo. Bi Nunuu alitoa jibu lake papo hapo huku akitafuta kiatu. Anayefungua madirisha alishangaa kujulikana, akanipa salamu ndefu. Jirani mwenye kuku alikuwa juu ya paa lake. Alishuka, akanipa yai. Ngwali alinipa ya kwake kwa mikono miwili.

Njia za mji ule zilikuwa na tabia ya kurefuka unapochelewa. Siku ile nilizikanyaga, nikaziambia kwa sauti kwamba sina muda nazo, na naapa zilifupika. Bi Nunuu alihema nyuma yangu kama gari linalopanda mlima. Saa, kama ilikuwapo, ilikuwa mchana mweupe.

Tulipiga hodi. Tukapiga tena. Bi Nunuu akasema hodi ya tatu kwa sauti iliyotikisa bati, na ndani mtu akavuta kiti.

Machano alifungua. Alikuwa amenyoa, amevaa kanzu safi. Nyuma yake magodoro yote yalisimamishwa ukutani yakiwa na majina ya wenyewe, sakafu imefagiwa hadi uzi wa mwisho, na sindano zake ndefu zilikuwa zimepakwa mafuta na kufungwa kitambaani. Hakuna kitu kilichobaki cha kufanywa katika nyumba ile. Sijawahi kuona usafi wa kutisha namna ile.

Nikamwamkia, akaitika marahaba. Kisha nikafungua karatasi, nikamrudishia salamu zake. Nilimwambia Bi Nunuu huyu hapa, anasema alijua kuwa unakaripia kwa mazoea, na ndiyo maana alirudi mara ya pili. Anayefungua madirisha anasema kumbe yupo anayemwona. Yule mrefu anasema shingo inauma kweli, na anaomba siku moja umshonee mto. Jirani wa kuku ametoa yai, hili, bado lina joto. Na mimi ndiye ninayezipokea. Nipo. Nimezipata zote.

Mzee alishika yai. Akalifunika kwa viganja viwili lisivunjike.

"Wote wanauliza," nikamwambia, "na wewe je, hujambo?"

Nikangoja. Nilikuwa nimejifunza kungoja saa ile ile. Falsafa yangu yote, vitabu vyote nilivyovidokoa dirishani, viliishia pale: huenda mtu hayupo kwa sababu anasema mimi, huenda yupo kwa sababu ameulizwa na mwulizaji hajaondoka. Kuku walipita. Kivuli cha mlango kilitufikia vidoleni. Nikaona kinywa cha mzee kikitengeneza lile neno la siku zote, sijambo, kikaliacha.

"Sijambo si kweli," akasema Machano. "Mwanangu, mimi si mzima. Nilikusudia kujiua leo."

Hakuna ngurumo iliyopigwa. Lakini mimi nilikuwapo, nami nawaambia mji ulisimama. Lile hujambo halikuwahi kujibiwa hivyo tangu mji ujengwe. Bi Nunuu akamshika mkono, akamketisha juu ya godoro la mteja, akamwuliza yale maswali ya karatasini moja baada ya jingine, kwa upole, na mzee akayajibu yote. Alieleza usiku ulivyo mrefu tangu Bi Mwatima aondoke. Alieleza alivyodhani hahitajiki tena. Mpwa wake aliitwa, akaja mbio. Daktari akaja, na sindano zilihamishwa kwa jirani. Sitawadanganya kwamba alipona alasiri ile. Alikuwa na watu hadi asubuhi, na kesho yake, na Jumatano nyingi zilizofuata, ambazo siku hizo zilianza kuja moja moja na kwa zamu.

Wiki ile tulivunja ukuta wa chumba cha nyuma. Ngwali akalisomesha Sikio upya, kiwiliwili kwa jicho moja na salamu kwa jicho la pili, kila mtu akilinganishwa na nafsi yake. Siku ya kwanza tu liliwasha watu wanne tuliowahesabu kuwa kijani. Wendaji wakaenda na salamu zao mkononi. Wakawakuta wanne, wakarudi na wanne. Nilipanda juu ya meza yangu nikapiga vigelegele, mimi mtu mzima, na hakuna aliyeniambia nishuke.

Jumatano iliyofuata barua ya Fundi Machano ilifika. Kurasa tatu. Sufi imejaa mbegu. Kuku wametaga tena, safari hii ndani ya kofia. Dawa za daktari zina ladha ya msumari, na Bi Nunuu anakuja kila siku kumaliza sukari yangu yote. Mto wa yule mrefu umekwisha, aje achukue, hapa si ghala. Sikio liliisoma mwanzo hadi mwisho, likaipaka njano, ile njano yake ya zamani, na ofisi nzima ikasimama kwa furaha.

Chini kabisa, mahali ambapo kidole changu kilizoea kukata, aliandika: Na nyinyi je, hamjambo huko?

Tukaacha kazi zote. Madirisha mia yalikuwa wazi. Tukaketi, mmoja mmoja, tukaanza kumjibu ukweli.